Asumini ya Mamamkwe

Kwetu Ukambani ua safi ni ua usio na kitu. Unafagia asubuhi, udongo mwekundu unabaki na mistari ya ufagio, na mgeni akiingia anajua hapa kuna mwanamke. Majani karibu na nyumba ni uvivu, na tena yanaleta nyoka. Nimelelewa hivyo Kathonzweni, na wenzangu wote wa mwethya, kikundi chetu cha kusaidiana kazi, wamelelewa hivyo hivyo. Ningekumbuka jambo hilo mapema, nisingepata presha niliyoipata.

Nyumba nilimoolewa mjini Kitui ni ya watu wa pwani. Babu ya mume wangu alikuja kufanya biashara ya nguo, akajenga nyumba yenye baraza mbele na ua katikati, na mlango wa nakshi akauagiza kutoka Mombasa. Ndani ya ua huo ndimo mamamkwe wangu alimopanda asumini. Aliileta akiwa bibi harusi, kitawi kimoja kilichofungwa kwenye leso iliyolowa, na marehemu mumewe akachimba shimo.

Nimekaa katika nyumba hiyo miaka kumi na mmoja. Nimepika humo, nimezaa humo, nimemuuguza mamamkwe mwenyewe. Lakini asumini sikuwahi kuigusa. Akimaliza kutawadha, maji yaliyobaki kwenye beseni huyabeba mwenyewe, polepole, kwa magoti yake mabovu, akayamwaga shinani. Nikinyoosha mkono kumsaidia anasema, "Wacha, mwanangu." Hilo "mwanangu" halikunidanganya. Nilijua mimi bado ni mgeni.

Mwaka jana chama cha wapenda bustani kutoka Makueni kiliamua kwamba safari yao ya baada ya mvua za kwanza ingekuwa Kitui, kutazama nyumba za zamani za watu wa pwani na bustani zao. Kiongozi wao, mwalimu mstaafu mwenye kofia pana, alitangulia kuja kukagua. Alisimama mbele ya asumini, akanusa, akafumba macho.

"Mama, hii ndiyo tunakuja kuona," alimwambia mamamkwe. Mamamkwe alifurahi hata akammiminia kahawa mara tatu.

Siku moja kabla ya ziara mamamkwe alikuwa mjini Mwingi kwa binti yake, arudi kesho yake asubuhi. Mimi nilikuwa na kuku wa kununua, nikaenda soko la Kabati. Wenzangu wa mwethya walikuja kunisaidia, nikawaachia funguo na agizo moja tu: wasafishe vizuri, kwa sababu wageni ni wakubwa.

Niliporudi saa kumi ua ulikuwa unang'aa.

"Umeona?" mwenyekiti wetu aliniuliza, panga mkononi, jasho likimtiririka. "Tumetoa hiyo msitu yote. Sasa hata nyoka haina mahali ya kulala."

Rihani iliyoota kando ya asumini ilikuwa imeng'olewa yote. Asumini ilibaki kisiki kifupi kama mguu wa stuli, na matawi yake yalikuwa yamerundikwa nyuma ya jiko, yangoje kuchomwa.

Sikuweza kuwagombeza. Walikuwa wameinama tangu asubuhi kwa ajili yangu, na walikuwa wamefanya kile ambacho mimi mwenyewe ningemfanyia mama yangu. Nikawapa chai, nikawashukuru, wakaenda zao. Kisha nikakaa chini, juu ya ule udongo uliofagiliwa, nikalia. Miaka kumi na mmoja nilikuwa nikitembea kwa uangalifu katika nyumba ya watu, na sasa nilikuwa nimewakatia kitu cha pekee nilichokatazwa kushika.

Mfa maji haachi kutapatapa. Nilileta masufuria ya sherehe na beseni la kuogeshea watoto, nikayajaza maji na kuyatumbukiza matawi humo. Yale marefu niliyachagua, nikayachomeka kukizunguka kisiki, nikayafunga kwa kamba za katani kwenye misumari ya ukutani. Ukisimama mlangoni na kutazama haraka, ungesema asumini ipo. Asubuhi majani yalikuwa yamelegea kama sukuma wiki ya jana sokoni.

Mamamkwe aliwasili saa tatu, wageni walitarajiwa saa tano. Alivua viatu akaenda moja kwa moja uani. Nilikuwa nimejiandaa kumsingizia mbuzi wa jirani, lakini mdomo ulipofunguka ukweli ndio uliotoka.

"Mama, imekatwa. Ni mimi niliyewaambia wasafishe."

Alishika tawi moja, akalivuta, likaja na kamba yake. Akaitazama ile kamba. Akanitazama mimi. Kisha akaegemea ukuta akaanza kucheka, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya leso.

"Umeifunga kamba! Ulidhani mimi kipofu?"

Alijishusha kwa shida akachuchumaa, akakikwaruza kisiki kwa ukucha. Chini ya gome palikuwa kijani.

"Mbichi," alisema. "Hii asumini ilitaka kukatwa miaka mingi, we. Ilikuwa haitoi maua ila huko juu, inawachanulia kunguru. Lakini shimo lake alilichimba marehemu, mkono wangu haukunyanyuka. Na kukwambia wewe uikate niliogopa. Ungesema nakutega."

"Ningesema hivyo," nilimjibu, na ilikuwa kweli.

Nilishusha pumzi ambayo nadhani niliibana tangu siku ya harusi yangu. Nikamsikia naye anaishusha yake.

Wageni walipoingia hapakuwa na bustani. Palikuwa na udongo, kisiki, na masufuria yaliyojaa matawi. Mwalimu alisimama kofia mkononi, akiyatazama masufuria. Lakini wanawake aliokuja nao, Wakamba wenzangu kutoka Makueni, walitazama chini kwanza.

"Aki huu ua umefagiwa!" mmoja alisema.

Mwenyekiti wetu, aliyekuwa amesimama mlangoni akijipongeza, alinitupia jicho: umesikia?

Mamamkwe aliketi kwenye kiti katikati ya masufuria, na mkasi. Alikata matawi vipande vya urefu wa shubiri, akamfungia kila mgeni kipande chake katika kitambaa kilicholowa, na kila mmoja akamweleza: macho mawili, pale panapochipua majani, yaingie udongoni, moja libaki juu, na usiliache lione kiu. Watu walipanga foleni. Nyumba nyingine siku hiyo walitazama milango na kupiga picha. Kwetu waliondoka wamebeba kitu mikononi. Mwenyekiti naye alipewa chake.

"Shika, daktari," mamamkwe alimwambia, na watu wakacheka, hata wasiojua kwa nini.

Walipoondoka niliokota vijiti vilivyobaki na kuosha masufuria. Magharibi ilipoingia mamamkwe alitawadha uani kama kawaida. Nilingoja abebe maji yake. Hakuyabeba. Alilisukuma beseni kwa mguu mpaka likagusa vidole vyangu.

"Kamwagie," alisema, akaingia ndani kuswali.

Nililibeba kwa mikono miwili hadi kwenye kisiki, na sikumwaga hata tone njiani.