Vidato vya Gari la Mkunga

Fundi wetu wa kuchomelea hupima kwa shubiri huku akipiga mluzi, wala haamini kipimo chochote mpaka mwili wake ukubali. Mkunga alimletea gari lake la kubebea wagonjwa: vidato vya mbele vilikuwa vikigonga mawe ya njia ya mlimani, na wajawazito walikuwa wakimngoja huko juu. Fundi akavikata, akavipandisha shubiri nzima. Kisha akajifunga mto tumboni, akajaribu kupanda, akihema.

"Juu mno, dada. Mwenye mimba hafiki hapa."

Akaongeza kidato cha kukunja, kinachoshushwa gari likisimama. Mkunga alicheka mpaka machozi yakamtoka. Juzi akapiga simu kutoka kliniki: "Mawe tumeyavuka, fundi, na mama alipanda mwenyewe!" Fundi akazima mashine, akatuita sote tusikie kichanga kikilia.