Ushahidi Niliotoa Kiti cha Nyuma

Ndani ya gari tulikuwa watatu: mimi, binti yangu kitindamimba, na mume wake aliyeshika usukani. Wa nne ni fundi wa umeme wa magari tuliyemkuta Buswelu. Kwa mama yake ni mtu wa ukoo wa shangazi yangu, nilimtambua kwa paji la uso. Majina yao ninayo kichwani yote, ila siyaandiki. Wenyewe wanajijua.

Tulitoka Kiseke kwenda Kisesa, kwenye baraza la ardhi. Jirani alikuwa amesogeza mpaka wa shamba la marehemu mume wangu, akang'oa minyaa iliyokuwa alama ya mpaka. Minyaa ile ilipandwa na wazee saba, na aliyebaki duniani akiwakumbuka mmoja mmoja ni mimi. Baraza linakaa saa nne. Nisipofika, shamba linakwenda.

Mvua inanyesha. Nimekaa nyuma, maana kwetu mama mkwe hakai bega kwa bega na mkwe wake, wala hawasemezani ana kwa ana. Nikaona mbele ya usukani kitaa chekundu chenye picha ya betri.

"Mwambie mumeo kuna taa inawaka."

"Mwambie mama hiyo taa ya zamani," mkwe akajibu, na kati yetu ni hatua moja tu. "Betri nimenunua juzi."

Mbele kidogo redio ikaanza kusinzia. "Mwambie redio inazama." "Mwambie mama ni mawimbi." Kisha vifuta mvua vikawa vinakwenda kama mzee anayepanda kilima. Hapo nikachoka kumtuma mtoto. Buswelu gari likakohoa, likazima.

Milango ya nyuma ya gari lile ilifunguka kwa umeme tu. Vitufe vya kuvuta kwa mkono viling'oka siku nyingi. Umeme umekufa, hata vioo havishuki. Njia ikabaki moja: nipenye katikati ya viti vya mbele. Na goti hili, na kitenge, nimrukie mkwe? Afadhali nife humo.

Fundi akachungulia kiooni. "Shikamoo bibi. Mbona umefungiwa kama kuku wa mnadani?"

"Marahaba. Tengeneza gari, kuku ana kesi saa nne."

Akaunganisha waya kutoka betri nyingine, gari likawaka. Akaweka mita. "Ingekuwa inachaji, hapa ingesoma volti kumi na nne. Inasoma kumi na mbili kasoro, na inashuka." Akapapasa mkanda: umekaza. Akavuta waya za alteneta, ile mashine inayochaji betri: hazijalegea. "Mliona dalili yoyote njiani?"

"Hakuna," mkwe akasema.

Nikapaza sauti kutoka nyuma: taa, redio, vifuta mvua, kwa mpangilio wake. Fundi akacheka. "Kumbe fundi ni bibi! Alteneta hii kaboni zimekwisha. Mlikuwa mnachota mtungini bila kwenda ziwani."

Kuitengeneza ni mpaka alasiri. Akatufungia betri yake iliyojaa. "Itawafikisha. Msiwashe taa, redio wala vifuta mvua."

Sasa mlango ungefunguka. Binti akasema, "Mama, shuka tuite bajaji."

"Sishuki mpaka Kisesa." Kosa hilo ni langu.

Mvua ikarudi kwa hasira. Mkwe haoni njia. Akawasha taa, akawasha na vifuta mvua. Nikasahau mila yote. "Baba, zima!" Alishtuka kusemeshwa na mimi, nusura atuingize mtaroni. Akazima taa, vifuta mvua akaviacha, angefanyaje? Langoni pa baraza gari likafa, nami nikafungiwa tena. Saa nne na dakika ishirini.

Mkwe akakimbia ndani. Akatoka na mwenyekiti, mwenyekiti akaketi kiti cha dereva, faili magotini. Jirani akasimama kwenye mlango wa mbele wa gari, amelowa. Nikawataja wale wazee saba, kuanzia kwenye jiwe la mpaka hadi mtaro wa shamba, huyu na baba yake, huyu na upande alioupanda, hadi wa saba. Jirani akainamisha kichwa. Mpaka ukarudishwa.

Lakini mle ndani hewa ilikuwa ndogo na mguu umekufa ganzi. Wa tatu na wa nne walikuwa ndugu, tumbo moja, na tangu siku ile nawaza labda niliwapindua, huyu nikamweka upande wa yule. Kama kuna mjukuu wao anayesoma hapa, na anajua nani alipanda upande upi, anisahihishe ningali naweza kusikia.