Nipelekeni kwa Baba

Kila asubuhi, pale nyumbani Bonga, baba alifunga kamba za viatu, akachukua fimbo yake, akakaa mlangoni. "Nipelekeni kwa baba," anasema. Baba yake alishafariki zamani, akazikwa mbugani, nyuma ya Mlima Hanang, kaburi la heshima, kilima cha udongo walichokijenga wafugaji wenzake kwa miezi. Baba alitaka kumwaga maziwa pale kabla kichwa hakijamwishia. Na kilikuwa kinaisha. Mimi aliniita kwa jina la shangazi, kaka yangu alimwita dereva na kumwamuru afungue geti. Lakini baba yake alikuwa bado yumo. Kila kitu kilikuwa kinachomoka isipokuwa huyo, na sisi tukataka kumfikisha kabla huyo naye hajachomoka.

Kaka akakodi gari mbili za fowili, zile ndefu zenye mkonga wa kuvutia hewa. Mbele tukapanda wazazi, kaka na mimi. Ya nyuma wakajaa binamu zetu na mahema, magodoro, madumu ya maji, jiko la gesi na unga wa kutosha kulisha harusi. Mimi nikapakata kibuyu cha maziwa, maana mama alisema maziwa ya kaburini hayabebwi kwenye plastiki. Aliyetuona tukitoka Babati alidhani tunaenda kula raha. Binamu mmoja alivaa miwani ya jua, jamani, na kofia ya kitalii!

Tulipoacha lami, ramani ya kwenye simu ya kaka ikabaki rangi moja tu, kama ukuta uliopakwa. "Baba atatuonyesha," akasema. Basi baba akawa anaonyesha. Kushoto. Kushoto tena. Mbele kidogo, kushoto. Alisema kwa uhakika mpaka mimi nikaanza kuamini, nikamshika mkono. Jioni tukakuta alama za matairi, kaka akafurahi kwamba kuna watu wamepita. Zilikuwa zetu.

Tukapiga mahema hapo hapo. Binamu walipika ugali, wakapiga picha, wakacheka. Mimi sikucheka. Baba alikula vizuri, akanishukuru kwa adabu ambayo mtu humshukuru nayo mwenye hoteli.

Asubuhi tukanasa kwenye udongo mweusi. Tukakata matawi, tukayalaza chini ya matairi, tukasukuma, kaka akipiga kelele "Twende! Twende!" na gari likizidi kukaa chini. Lilipotoka wote tulikuwa matope mpaka masikioni. Kaka akakaa kwenye dumu, akasema, "Tuulize watu. Wafugaji wanajua makaburi yote."

Haya, tuulize nini? Hapo ndipo nilipoelewa ujinga wetu. Kaburi la namna ile linaitwa kwa jina la marehemu, na babu alikuwa na majina mawili. La kwanza alilitoa kwa karani wa kodi, ndilo tunaloliandika kwenye vyeti vyetu, na huko mbugani halimhusu mtu. La pili ndilo walilomjulia wafugaji wenzake. Baba alilijua, lakini sasa ukimuuliza jina la baba yake anakuambia, "Baba." Sisi watoto, na kusoma kwetu kote, hatukuwahi kulisikia. Aliyebaki nalo ni mama.

Na mama hatamki. Kwetu mke halitaji jina la baba mkwe, awe hai, awe amekufa. Hata maneno ya kawaida yanayofanana nalo mama aliyaacha tangu alipoolewa, akashika mengine ya kuzungukia. Ndivyo alivyofundishwa na mama mkwe, na ndivyo alivyokaa maisha yake yote, akasifiwa kwa hilo.

"Mama, mnong'oneze baba tu, yeye atatutajia," kaka akabembeleza.

"Siwezi."

"Basi mimi nitataja majina, wewe utikise kichwa."

"Kutikisa ni kutaja."

Nikapandwa na hasira. Nikamwambia maneno mabaya: kwamba heshima gani hiyo inayomzuia mumewe kumwona baba yake, kwamba huyo babu keshaoza, atamsikia wapi?  Mama akamfuta baba matope shingoni, taratibu, na ncha ya kitenge chake.

Tulizunguka siku nzima iliyofuata. Kila tulipoona ng'ombe tulisimama, kaka akaeleza: mzee fulani, alikuwa na jicho moja, alikuwa na ng'ombe wekundu. Watu wakacheka, wakaonyesha huku na kule. Baba akaanza kusinzia sana. Hakuwa anasema tena nipelekeni. Nilimuuliza, "Baba, tunaenda wapi?" Akatazama nje. "Mnadani?"

Mama alisikia. 

Kisimani kulikuwa na mwanamume mmoja wa makamo ananywesha mifugo. Kabla kaka hajafungua mdomo, mama akafungua mlango, akashuka mwenyewe. Akavuta kitenge mpaka machoni. Akamsogelea yule bwana, akalitaja. Mara moja, kwa sauti yake ya kila siku. Mimi na mvi zangu ndiyo kwanza nalisikia jina la babu yangu.  Nilitamani nirudishe yale niliyomwambia.

Yule bwana akafikiri kwa dhati kabisa. Akawaza, akakuna kidevu. "Simjui huyo, mama. Wa zamani wa huku walishahama. Na vilima vingi vya makaburi vimelimwa, pale pote ni alizeti sasa."

Mama hakuondoka. Akageuka kuelekea gari, dirisha la baba lilikuwa wazi, akalitaja tena, kwa nguvu safari hii, kila mtu pale kisimani akasikia. Alikuwa anamwambia baba. Jina la baba yake, kutoka mdomo ambao haukuwahi kulitoa tangu ndoa mpaka siku ile.

Baba akatoa kichwa dirishani. Akamsikiliza vizuri, kwa adabu, kama mtu anayetaka kusaidia.

"Ni nani huyo?" akauliza.

 Mama alikuwa ameziba mdomo kwa viganja viwili.