Kinga Iliyoambiwa Inyamaze

Mume wa mwalimu mmoja hutumia kompyuta kwa kidole kimoja tu, cha shahada, akibonyeza vitufe kama anayepima parachichi limeiva au la. Kila mgeni anayeketi sebuleni husomeshwa: kompyuta ya nyumbani isiyo na kinga ya virusi ni sawa na nyumba isiyo na mlango. Akishaona alama ya kijani ya kinga kwenye yake, huifuta skrini kwa mkono wa shati, taratibu, kama uso wa mtoto. Mkewe ameizoea hotuba hiyo kiasi cha kuweza kuimalizia akiwa jikoni.

Asubuhi moja barua pepe ilimpongeza mume huyo kwa kushinda gari. Akabonyeza. Kinga ikapiga kelele, skrini yote ikawa nyekundu.

“Hebu nyamaza wewe,” akaiambia kinga, akaizima.

“Baba watoto, tasnifu yangu imo humo, na sina nakala nyingine!”

“Mama, acha woga. Kompyuta hii inalindwa.”

Akabonyeza tena. Mafaili yakajifunga yote, tasnifu nayo, kwa nywila asiyoijua mtu wa nyumba ile. Mwalimu akaketi sakafuni. Mumewe akatikisa kichwa kwa uchungu wa mtu aliyedhulumiwa.

“Umeona? Na hiyo ndiyo kinga kali kuliko zote!”