Kinanda Kisichopigwa Kikiwa Baridi

Suad wa Makina alikuwa mpole kwa kila mtu isipokuwa mmoja. Gathogo, mwenye studio ya nyimbo za injili kule Kawangware, ndiye Suad aliyetamani kumwona akiaibika hadharani, na tamaa hiyo aliilea kama alivyomlea mwanawe.

Mambo yalianzia kwa kinanda. Babake Suad, marehemu mzee Fadlalla, alikuwa na sinthesaiza, kinanda cha umeme cha kale, cha nyaya na vifundo, kilichotengenezwa kabla Suad hajazaliwa. Harusi za Wanubi pale Makina hazikunoga bila sauti yake. Lakini kilikuwa na tabia. Kikipigwa kikiwa baridi, sauti iliyumba na kuzama, kama mtu aliyetolewa usingizini kwa nguvu. Kwa hivyo mzee alikiwasha, akakifunika leso, akaenda msikitini kuswali Alasiri. Akirudi kimepata moto, anarekebisha sauti, ndipo anapiga. Hata watoto wa jirani walijua kwamba mzee akiwa bado msikitini, kinanda hakiguswi.

Kabla ya kufa alisema mbele ya watu kwamba kinanda ni cha Suad. Gathogo alikuja matangani, akala pilau, akakitazama kinanda kuliko alivyowatazama wafiwa. Kisha Suad alipolazwa kumzaa Fahima, kakake Khalid akamuuzia Gathogo kinanda kile. Suad alirudi na mtoto mchanga akakuta mezani alama tu kwenye vumbi.

Alikwenda Kawangware kukidai, mtoto akiwa mgongoni, mshono bado unamuuma. Kwaya ilikuwa inarekodi.

"Hizo ni vyuma tu, mama," Gathogo alimjibu mbele yao. "Si uende unyonyeshe?"

Kwaya nzima ilicheka. Mama mmoja aitwaye Magdaline alicheka mpaka akajipangusa machozi. Khalid, Suad alimsamehe, maana alikuja analia. Gathogo alikuwa amecheka. Kicheko kile Suad alikisikia akifua nepi, alikisikia akisonga ugali, na Fahima alipoanza kuongea bado alikuwa anakisikia.

Ndipo simu ikaja.

"Mama Fahima, niaje? Nataka masikio yako."

Gathogo alieleza kwamba kinanda kimezeeka, siku hizi kinaharibu nyimbo. Amenunua kipya, cha kiwandani, kilichoiga kile cha kale kifundo kwa kifundo. Ila kwaya imegawanyika. Wazee wanataka cha zamani, vijana wanataka kipya.

"Wewe umelelewa na hiyo sauti. Ukichagua, wote watanyamaza."

"Na nikikataa ya baba?"

"Ukiikataa, ibebe!" Gathogo alicheka. "Lakini utaangalia ukuta. Sitaki uchague na macho."

Alipofika studio, stima ilikuwa imepotea tangu asubuhi. Kwaya ilikuwa inapiga stori kwenye viti. Trizah, anayefagia pale, alimletea kiti na kumnong'oneza, "Hiyo ya mzee wako ni mgonjwa, dadangu. Zamani nilikuwa naiwasha nikifungua tu, inashinda ikiwaka, haina shida. Sasa hii stima ya kupotea-potea, ikirudi tu na iguswe, inalia vibaya."

Suad alimtazama. Maneno yalimjia mpaka kwenye meno.

"Pole," akasema, akayameza.

Taa zikawaka. Trizah akawasha vinanda vyote viwili.

"Haya, haya, tusipoteze time!" Gathogo akapiga makofi. "Mama Fahima, ukuta!"

Suad akageuka. Kinanda cha kwanza kikalia, na moyo ukamchoma, kwa sababu kilikuwa kizuri. Kilikuwa kile kipya, Suad alijua mara moja, lakini kililia kama cha baba siku za harusi kubwa, kimetulia, kinang'aa. Alikichukia kwa uzuri huo.

Cha pili kikaanza. Noti ya kwanza ilisimama, ya pili ikateleza, ya tatu ikazama kabisa. Kiliyumba kama mzee anayetafuta viatu gizani. Suad alibana vidole vya miguu ndani ya viatu asigeuke kukitetea.

"Uuui!" Magdaline akasema. "Kinalia hivyo?"

"Cha kwanza kiko sawa," Suad aliuambia ukuta. "Hiki cha pili sauti inazama. Nyinyi wenyewe si mnasikia?"

Walisikia. Vijana wakaanza kucheka chinichini. Gathogo, aliyezoea kujigamba kwamba sauti ile ndiyo mhuri wa studio yake, aliona haya.

"Toa hii takataka hapa," akasema. "Beba, mama. Tumemaliza."

Suad alikifunga kwa leso, akapanda boda akiwa amekipakata kama mtoto aliyelala.

Nyumbani alikiweka mezani, akakiwasha, akakifunika. Adhana ya Alasiri ikaita. Akaswali, akamnywesha Fahima uji, akaketi naye bila haraka. Kisha akafunua, akarekebisha, akapiga wimbo wa kumtoa bibi harusi. Majirani wakatoka milangoni. Mmoja akapiga kigelegele kabla hajajua harusi ni ya nani.

Suad alirekodi kwa simu, akamtumia Gathogo. Hakungoja sana, simu ikalia.

"Mama Fahima! Hiyo ni gani? Usiniambie ni ile!"

"Ni ile."

"Mbona hapa ilikuwa inalia kama mbuzi?"

"Ilikuwa baridi. Baba alikuwa anaiwasha, anaenda kuswali kwanza."

Nyuma ya Gathogo kwaya ilisikika, bado wako kazini, na kwa jinsi sauti yake mwenyewe ilivyomrudia kwa mwangwi, Suad alijua Gathogo ameweka simu kwenye spika.

"Na ukanyamaza?"

"Si uliniambia niangalie ukuta?"

"Sikiza, mama. Tafadhali. Rudisha hiyo kitu tuongee kama watu wazima. Wazee hapa wananimaliza..."

"Hizo ni vyuma tu, Gathogo," Suad alisema kwa upole. "Si uende urekodi?"

Upande wa pili mtu aliangua kicheko. Alikuwa Magdaline, kicheko kile angekijua popote. Wa pili akamfuata, kisha kwaya nzima, wazee kwa vijana. Gathogo alikuwa anawafokea wanyamaze.

Suad alimpakata Fahima, akabana simu sikioni, akasikiliza mpaka wa mwisho alipoacha kucheka. Ndipo akakata.