Jina Nililolimeza Mahakamani

Nimekosa, ndugu zangu. Sikulewa, wala hakuna aliyenitishia. Nilikosa nikiwa na akili zangu timamu, nimevaa kaptula iliyopigwa pasi.

Mimi ni mkalimani wa mahakama hapa Iringa. Hakimu Mzungu hajui Kihehe, wazee wa vijijini hawajui Kiswahili, basi mimi ndiye mdomo wa wote.

Siku hiyo alishtakiwa nyapara wa shamba la tumbaku. Kijana mmoja wa Mbeya aliandika gazetini kwamba vibarua wa shamba lile wanachapwa viboko. Aliporudi kuulizauliza, nyapara na watu wake walimkamata njiani mchana kweupe, wakamfunika gunia kichwani, wakamvunja mkono wa kulia kwa mpini wa jembe. Na nyapara huyo, jamani, ni baba mkwe wangu!

Shahidi alikuwa mmoja tu, bibi wa Kilolo aliyekuwa akipita na kuni zake. Aliongea Kihehe, ameinama. Kwa heshima hakumnyooshea kidole mtu mzima, alitaja tu jina lake la kijijini, ambalo halikuwa kwenye hati ya mashtaka. Alilitaja mara mbili, wazi kabisa.

"Anasemaje?" hakimu akauliza.

Mkwe wangu alikuwa ananitazama. Nikajibu, "Anasema aliona watu, ila hakuwatambua."

Waliojua Kihehe walitazama chini. Nyapara akaachiwa. Yule kijana, ambaye Kihehe hakijui, alinifuata mlangoni akanipa mkono wa kushoto. "Asante kwa kazi, kaka." Nami nikaupokea!

Tangu hapo bibi yule haitikii salamu yangu ya "kamwene" sokoni. Mke wangu, binti wa nyapara mwenyewe, aliniambia, "Baba umemwokoa. Lakini mimi nitakuaminije sasa?" Na huko shambani viboko vimezidi, maana nani ataandika tena?

Mwezi uliopita nilipanda lori hadi Mbeya, nikamweleza kijana yote. Nilidhani atanitukana, na ningefurahi. Aliutazama mkono wake wa kulia, kisha akasema, "Basi andika wewe, kaka. Vidole vyangu havishiki kalamu."

Ndiyo maana naandika gazetini. Enyi makarani, askari, wakalimani wenzangu, mwandishi akipigwa semeni mlichokiona na mlichokisikia, siku ile ile, hata kama aliyempiga ni mkweo! Msingoje kama mimi.

Jina la nyapara nimeliandika kwenye karatasi nyingine. Jumatatu nitampelekea hakimu, na safari hii nitalisoma mwenyewe kwa sauti.