Mbuzi wa Saruji Pale Kiritiri

Siku yangu ya kwanza kazini, Afisa Mifugo wa tarafa alinipeleka kwenye zizi moja nje ya Kiritiri, akaniuliza, "Karimi, unajua kushika mbuzi?"

Nilikuwa nimetoka chuoni na cheti changu, msichana aliyekulia kwenye migomba ya Mitunguu. Nikasema najua. Beberu wa kwanza aliniburuta mpaka kwenye miiba.

Afisa hakunikaripia. Alimwita mwenye zizi, mjane aitwaye Mama Ireri, akamwambia, "Mfundishe huyu. Nitarudi saa sita."

Mama Ireri alisimama ametanua miguu, shingo ya beberu katikati, bila kumkalia, akambana mabega kwa magoti, akamwinua taya kwa kiganja. "Usimkabe koo, Daktari," aliniambia. "Akipumua vizuri hatapigana na wewe." Daktari sikuwa. Nilikuwa msaidizi wa afya ya mifugo, lakini huku kila anayebeba sindano huitwa hivyo.

Tulichanja dhidi ya homa ya mapafu ya mbuzi, ugonjwa unaoweza kumaliza zizi zima. Dawa ilikaa kwenye kisanduku cha barafu. Unavuta ngozi iliyolegea nyuma ya bega, unachoma chini yake, si kwenye nyama. Baadaye nilihamishiwa Mikinduri, kwa Daktari wa Mifugo wa wilaya aliyekagua kila ripoti mara mbili. Nikarudishwa Kiritiri kwenye ukame, nikastaafia hapo.

Mwaka huu nikasikia kwamba kwenye makutano ya Kiritiri kumewekwa sanamu ya wafugaji. Nilipanda gari kwenda kuiona. Ni ya saruji na vyuma: mwanamke ameshika mbuzi, na kando yake mchanjaji amepiga goti na sindano. Mchanjaji ni mwanamume mwenye kofia.

Nilisimama pale nikiwa nimeumia, sitaficha. Nusu ya mbuzi wa upande ule niliwachanja mimi. Kisha nikatazama magoti ya yule mwanamke yaliyombana mbuzi mabega, na kiganja chake chini ya taya la mbuzi, kama Mama Ireri. Macho yakanijaa machozi.

Nikaenda moja kwa moja kwa Mama Ireri. Sasa haoni vizuri, lakini sauti yangu aliitambua.

"Umeiona sanamu?" nikamwuliza.

"Wajukuu walinipeleka nikaishika kwa mikono. Huyo wa kofia simjui. Lakini mbuzi ameshikwa sawasawa."

Tulicheka mpaka mkaza mwanawe akaja kuchungulia. Ndipo nikakumbuka kwamba kwa miaka yote ile sikuwahi kumshukuru. Nikamwambia, "Mama, kazi yangu yote niliifanya kwa yale uliyonifundisha asubuhi moja. Asante."

Akautafuta mkono wangu.

"Wengi walifundishwa hapa," akasema. "Walichanja mara moja, wakaomba uhamisho wa mahali penye mvua. Wewe ulihamishwa ukarudi."

Nilikaa naye hivyo, mkono wangu mkononi mwake, mpaka mbuzi wakarudi kutoka malishoni.